Mwalimu wangu alifuta majina ya wenzangu kwenye programu ya hesabu

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka ishirini na sita, nina shahada ya ualimu wa hesabu, ajira bado sijapata, kwa hiyo najitolea kufundisha sekondari moja huku Ngara. Kisa changu si cha mapenzi. Anayetaka cha mapenzi apite tu.

Tangu chuoni nimekuwa nikishirikiana na watu wa nchi mbalimbali kutengeneza programu huria ya hesabu. Huria maana yake yeyote anaruhusiwa kuichukua bure, kuifungua aone ilivyoandikwa ndani, hata kuibadilisha. Masharti ni kwamba majina ya walioitengeneza yasifutwe, na anayeipokea asifungiwe. Watafiti wanaitumia kwa kazi zao. Kipande changu ni cha kufundishia: unaandika mlinganyo, inakuonyesha hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, bila intaneti. Nimekiandika kwa miaka miwili. Siku mwanafunzi wa kidato cha pili aliponiambia, "Madam, kumbe namba haivuki upande, tunaitoa pande zote mbili!" nilitoka nje ya darasa nikasimama ukutani, sikutaka wanione nikilia.

Sasa nije kwa Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha hesabu tangu kidato cha kwanza, na leo ndiye mwalimu wa taaluma hapa shuleni ninapojitolea. Nilipomaliza kidato cha nne baba alisema binti amesoma vya kutosha, arudi shambani. Mwalimu alikuja nyumbani kwa miguu mara tatu, akakaa na baba kwenye benchi, mpaka baba akachoka kukataa. Kwa hiyo mwaka huu aliponiomba nakala ya programu kwenye flashi, nilimpa kwa furaha, sikuuliza ni ya nini.

Wiki tatu zilizopita nikapigiwa simu na mwalimu wa Nyabusozi, Biharamulo. Namba yangu alipewa na rafiki yangu wa chuo.

"Dada, samahani, nasikia unaifahamu hii programu ya Mwalimu wa huko Ngara."

"Programu ya Mwalimu?"

"Hii ya hesabu tuliyogawiwa shuleni. Milinganyo sambamba yenye sehemu inatupa jibu la uongo. Nimefundisha darasa zima, nimekuja kushtukia ubaoni mbele ya watoto. Nataka kurekebisha, inadai nywila."

Kosa hilo nililifanya mimi, na nilishalirekebisha baada ya kumpa Mwalimu ile flashi. Lakini wao walikuwa na nakala ya zamani, imefungwa, haisemi mpya inapatikana wapi. Akanitumia picha. Pale yalipokuwa majina yetu kumi na saba, kuna jina la shule yetu, na chini yake: "Imeandaliwa na," kisha jina la Mwalimu.

Nilimfuata ofisini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, msomi wetu."

"Mwalimu, mbona majina yamefutwa?"

Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Yale ya Wazungu? Nilisafisha tu. Wewe ukichukua mtihani wa shule nyingine, unaacha jina la shule yao pale juu?"

Walimu wote hapa tunafanya hivyo. Mtihani ukitoka kwa jirani unafuta kichwa, unaweka cha kwenu, unapiga chapa. Mwezi uliopita nimefanya mimi mwenyewe.

"Kuna Mkenya mle, kuna Mhindi, na mimi nimo," nikasema. "Na nywila?"

"Watoto wasivuruge."

Mwalimu wa kemia aliyekuwa anasahihisha pembeni akacheka. "Muacheni Madam, anataka jina lake lisomwe redioni!"

Nikamwomba Mwalimu tuwaandikie wote aliowapa, tuwapelekee nakala sahihi yenye majina. Akaweka kalamu chini.

"Nimesimama mbele ya viongozi wa elimu hapo mjini, wamenipigia makofi. Nirudi niseme si yangu, tena ina makosa? Mwana wanje, hivi ndivyo unavyonilipa?"

Anaponiita mwana wanje, mtoto wangu, huwa siwezi kubishana naye. Niliaga, nikatoka.

Nilimtumia yule mwalimu wa Nyabusozi nakala sahihi. Akajibu: "Ahsante dada, ila mkuu wangu anasema tutumie ile ile iliyoletwa, hii yako haina mhuri." Nilitamani kuitupa simu. Kwa hasira yake naye, akaiandikia timu yetu ya programu na kuwatumia ile picha. Msimamizi wa timu, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona uso, akaniandikia: "Nakala hii imetoka shuleni kwako. Tueleze kabla ya Ijumaa." Mpaka hapo siruhusiwi kuongeza wala kurekebisha chochote. Wenzangu niliofanya nao kazi miaka yote hii wanadhani nimeshirikiana naye kuwaibia.

Nimeanza barua mara nne. Maelezo yetu huwa yanawekwa wazi, yeyote duniani anayasoma. Nikiandika ukweli, jina la Mwalimu litabaki pale, na atakayelisoma ataona mwizi. Hatajua habari ya mitihani yetu, wala habari ya lile benchi. Nikisema ni mimi niliyefuta majina, natolewa, na kipande cha Kiswahili kinabaki bila mtu. Nikikaa kimya ni yale yale, na watoto wanaendelea kunakili majibu ya uongo. Mama ananiambia, "Muombe Mwalimu radhi, yaishe." Radhi ya nini? Nimemkosea nini?

Nimechoka kumkasirikia mtu ninayempenda. Leo ni Jumatano. Walimu mnaosoma hapa, mnaoelewa mambo ya programu, na ninyi mliosomeshwa kwa miguu ya mtu mwingine: kwenye barua hiyo niandike jina la nani?