Hakorimana na Jiwe la Mkewe

Hakorimana hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele huko mtajaribiwa kusema vingine. Alikuwa mkulima wa mtama na maharage kwenye kilima kilicho juu ya ziwa, upande wa Mokoto, Mkristo wa kila Jumapili, mume wa Mukasine. Kasoro yake ni kwamba alipenda mno kusifiwa.

Mwaka wa hamsini na mbili, mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alimchukua awe mpiga kasia wake. Mzungu yule hakuvua kama watu. Ubavuni mwa mtumbwi alifunga gurudumu dogo lenye mkono wa kuzungusha, na kwa hilo aliteremsha tufe zito la risasi mpaka karibu na sakafu ya ziwa. Uzi wa ndoana aliubana kwenye kamba ya lile tufe, Hakorimana akapiga kasia polepole, na chambo kikawa kinapita kule chini ambako nyavu zetu hazikuwahi kufika. Samaki akiuma, uzi unachomoka kwenye kibanio, na mzungu anavutana na samaki wake bila uzito wa kumsumbua. Kambare waliotoka huko walikuwa wanene kama paja la mtu.

Hakorimana alitazama, akaelewa, halafu akafungua mdomo. Penye pombe ya ndizi aliwaambia wanaume wenzake kwamba kitu cha mzungu ni uzito na kamba, basi, na kwamba siku ya ubatizo wa mtoto wake watakula kambare wa chini aliowavua mwenyewe. Wakamcheka sana. Na kuchekwa ndiyo adhabu ambayo Hakorimana hakuiweza maishani mwake.

Kamba aliisokota ya katani. Kibanio alikitengeneza kwa mwanzi uliopasuliwa. Uzito ndio uliomtoa jasho, maana mawe ya mtoni yalizunguka ovyo majini yakasokota uzi na kamba pamoja. Alihitaji jiwe refu, laini, la kukata maji bila kuyumba. Na jiwe la namna hiyo lilikuwa nyumbani kwake: ingasire, lile jiwe la juu ambalo Mukasine alilishika kwa mikono miwili kusagia mtama.

Sasa, mwanaume wa kwetu hagusi ingasire. Ni mali ya mwanamke, na hii Mukasine alipewa na mama yake, ikaja siku ya harusi kichwani kwa shangazi. Hakorimana alijua yote hayo. Alingoja mkewe aende kuteka maji, akaitia ndani ya mfuko, akashuka ziwani akijiambia kwamba atairudisha kabla hajaulizwa.

Ingasire ilifanya kazi vizuri kuliko tufe la mzungu. Ilikwenda sawa, haikuyumba, na mara uzi ukachomoka kwenye mwanzi, akamtoa kambare mzima mwenye nguvu. Alicheka peke yake mtumbwini. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani hapo. Yeye alirudia, jiwe likanasa kwenye miamba ya chini, akavuta, katani ikakatika. Alikaa akiangalia maji, kisha akapiga kasia kurudi nyumbani na kambare wake.

Mukasine alimpokea kwa vigelegele, akamtwaa kambare, kisha akaenda kusaga unga wa ugali wa kitoweo hicho. Hakuiona ingasire. Akatafuta nyuma ya nyumba, akatafuta jikoni, akakumbuka kwamba asubuhi jirani yao Mukandori, mjane, alipita kuomba makaa ya moto. Akatoka uani akamwita mwizi kwa sauti ya kusikiwa kilima kizima. Watu wakaja. Mukandori aliapa kwa Mungu. Hakorimana alikuwa amesimama palepale, mikono bado inanuka samaki, na neno moja tu lingetosha. Alifikiria wanaume wa penye pombe, akamfikiria mama mkwe. Akanyamaza.

Tangu siku hiyo Mukandori alikuwa mwizi. Hakuitwa tena kwenye mavuno, na kanisani wanawake walisogeza mikeka yao. Mukasine sasa alisaga kwa zamu kwenye mawe ya wenzake, na kila alipotoka alimlaani mjane. Hakorimana aliona aibu, na aibu ile ilimkondesha. Alimpelekea Mukandori kuni mlangoni, akamlimia kishamba chake, akidhani wema wa kichinichini unaweza kulipa jina la mtu. Mukandori alizipokea kuni bila kuuliza kitu.

Baadaye mjane alifunga vitu vyake aende kwa kaka yake, kule msituni Walikale. Hakorimana alijitolea kumbebea mzigo mpaka barabara ya malori. Njiani aliutua mzigo, akaanza kusema, na Mukandori akamkata maneno.

“Nilikuona, Papa Hakorimana. Asubuhi ile, kwenye njia ya ziwa. Mufuko ilikuwa inakuvuta bega.”

Hakorimana akamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya watu.

“Nani angeamini mujane? Nikasema, ni muntu wa kusali, kesho atasema mwenyewe. Nilikungojaka wewe. Kila mara unaleta kuni, nilisema leo njo atasema.” Akajitwika mzigo wake. “Siyo mimi unapashwa kuambia. Mimi nilishajua.”

Hakorimana alirudi mbio. Aliwakuta wanawake kwa jirani wakisaga, Mukasine katikati yao, akasema yote akiwa amesimama, mfuko, kamba, kambare, miamba. Hakuna aliyecheka. Alitamani wangecheka.

Mukasine alikung'uta unga mikononi, akafunga kitenge chake kiunoni. Hakorimana akasema watamfuata Mukandori wote wawili.

“Wewe baki,” Mukasine akamwambia. “Mimi njo niliita yeye mwizi.”

Akakimbia kuelekea barabarani. Alirudi kesho yake, miguu imevimba, peke yake. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Kambare wa ubatizo hawakutajwa tena, na tangu siku hiyo Mukasine alimpakulia mumewe chakula, akakiweka mbele yake, akaenda kula nje.