Nyundo za Mashine ya Kusaga

Karakana ya umma ilipoanza kupunguza watu, niliondolewa katika kundi la kwanza. Msimamizi aliniambia nina mume, kwa hiyo sitalala njaa. Nikamjibu kwamba mume wangu hajui kuchomelea chuma, anayejua ni mimi. Nikaanza kazi uani kwangu, Makole.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama mwenye mashine ya kusaga pale Majengo. Ndani ya mashine ile huzunguka vipande bapa vya chuma vinavyoponda nafaka, tunaviita nyundo. Uwele wa kwetu hupurwa chini, unakuja na mchanga, na mchanga unakula chuma. Madukani zilikuwa zimefurika nyundo mpya kutoka nje, zinang'aa, lakini hazikumaliza hata msimu mmoja wa mavuno.

"Shikamoo mama. Nipe hizo zilizolika, nizijaze chuma upya."

"Marahaba," akasema, akanipa.

Shemeji yake, aliyesimamia mashine, alicheka. "Chuma cha kubandika kitabanduka tu."

Kilibanduka kweli, mara tu mashine ilipowashwa. Nilikuwa nimejaza kwa pupa, tabaka nene mara moja, na kipande kiliruka kikachana chekeche la mashine linalopitisha unga. Wanawake waliopanga foleni na madebe yao walinitazama. Niliona aibu, lakini hasira ilizidi.

"Nipe tena," nilimwambia yule mama.

"Na zikivunjika?"

"Nitakuja kuzitoa mwenyewe, mbele ya hawa wote."

Safari hii nilichukua fito ngumu za kuchomelea. Nikatandaza tabaka jembamba, nikagonga ganda lake likadondoka, nikasubiri, ndipo nikaweka jingine juu yake. Nikazifukia nyundo kwenye majivu zipoe taratibu. Kisha nikazipima kwa mizani ya muuza nafaka, nikipunguza kwa tupa hadi zikalingana, maana nyundo moja nzito hutikisa mashine nzima.

Shemeji alitaka tungoje fundi mwanamume aje azikague.

"Kwani mashine ni yake?" mama akamuuliza, akawasha mwenyewe.

Ilivuma bila kutetemeka. Ikavuma hivyo hadi uwele wa mwisho, wakati jirani mwenye mashine kama ile alikuwa ameshabadilisha nyundo zake mpya na kununua nyingine.

Msimu uliofuata nilihamishia kazi Majengo. Watu walinishauri nifanyie kazi nyuma ya nyumba, nisiwashangaze wapita njia. Nikaweka mtambo wangu wa kuchomelea mlangoni kabisa, cheche zikitoka hadi barabarani.