Miguu Kwenye Kisima cha Mchangani

Ufuo niliowauzia wageni wangu haukuwa na bahari. Ukambani tutaitoa wapi? Ulikuwa mchanga wa mto uliokauka, mweupe na mpana, upande wa Kitui ukishapita Kwa Vonza, nami nikauita ufuo kwa sababu biashara ni matangazo. "Korongo asubuhi, ufuo mchana, safari yenu peke yenu." Ndivyo nilivyoandika.

Walikuwa mume na mke kutoka Nairobi. Korongoni walifurahi kweli, wakapanda mawe na kupigana picha mpaka simu moja ikazima. Lakini tuliposhuka mtoni, saa saba, jua la utosini, mke alivua viatu akaangalia kushoto na kulia.

"Sasa hii ni beach gani haina maji?" akauliza akicheka.

Kicheko kile kiliniuma. Nilitaka sana wakanisifu kwa wenzao. Hatua chache mbele palikuwa na kisima kidogo kilichochimbwa mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba, na kando yake kibuyu kilichokatwa nusu. Visima hivi sisi tunavijua tangu utotoni. Mtu huchimba mpaka afikie unyevu, kisha hukaa akisubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Miiba ni ya kuzuia mbuzi. Mimi mwenyewe mama aliwahi kunichapa kwa sababu nilinawa uso juu ya kisima kama hicho.

Niliondoa miiba. "Maji si haya?" nikasema, nao wakatumbukiza miguu.

Mwenye kisima akaja na punda na madumu manne. Alikuwa bibi mzee, leso imefungwa kiunoni. Akatazama maji yaliyovurugika, akatazama miguu, na bado akatusalimia kwanza.

"Woi, pole shosho, hatukujua," mume akasema huku akirukia mchangani.

"Hakuna makosa. Mgeni hajui," akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii maji ni ya kunywa tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe umetoka wapi?"

"Nairobi," nikasema.

Mimi, mtu wa Makueni, niliyetenganishwa naye na mto Athi tu! Sijui uongo ule ulitoka wapi haraka vile. Nilichojua ni kwamba nikisema kwetu, nitaulizwa wa nani, na nikishamtaja mama sitakuwa na pa kuficha uso.

Bibi akapiga magoti aanze kutoa tope. Aibu ikanishika, nikamwomba kibuyu nimsaidie. Nilidhani angalau hapo natenda jema. Nikachota maji machafu na kuyamwaga mbali, upande wa chini. Nikakwangua kingo taratibu zisiporomoke. Nikasubiri maji mapya yaingie, nikayatoa hayo pia, nikasubiri tena. Nilipoinua macho, bibi hakuwa akitazama maji. Alikuwa akitazama mikono yangu.

"Kumbe ulijua," akaniambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" mke akauliza.

"Anashukuru," nikasema.