Mbuzi wa Mkono wa Kuume

Mume wangu ni muuza nyama, na kwenye bucha anakofanya kazi hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Nusu Kilo. Ukimwagiza nusu kilo anakata mara moja, anatupa kwenye mizani, na mshale unasimama pale pale kana kwamba walipatana tangu asubuhi. Miaka thelathini na moja amesimama nyuma ya gogo lile, na majivuno yake yote yako kwenye mkono wa kulia. Nyumbani hawezi kupigilia msumari ukaingia wima, lakini mpe paja la ng'ombe uone.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimeolewa na fundi wa kufuma.

Mwanzoni mwa msimu wa baridi ncha ya kisu chake iligonga mfupa uliogandishwa. Kisu kikasimama, mkono haukusimama. Uliteleza na mafuta yake kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali. Kano za kidole gumba na cha shahada zikakatika. Daktari aliziunga, akaufunga mkono bendeji ngumu kwa wiki sita. Ilipofunguliwa, vidole vilikuwepo vyote vitano, ila gumba na shahada hawakutaka kukutana. Walikuwa kama ndugu waliogombea urithi. Tunaambiwa kidole kimoja hakivunji chawa. Vya mume wangu hata viwili havikuweza.

Tajiri yake, mwenye bucha, alikuja kumpa pole. Alikunywa chai, akazunguka mbuyu weee, mwisho akayatema: amemweka kaka mwingine kwenye gogo, kwa muda tu, na mwisho wa mwezi ujao ataamua abaki nani.

"Siyo kwamba nakufukuza, mzee," alisema. "Lakini mteja hawezi kusubiri kidole kipone."

Mume wangu akacheka. Namjua anavyocheka akifurahi, na kile hakikuwa kicheko chake. Alipoondoka yule bwana, mzee alikaa akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kuaga.

Hospitali walimpeleka kwa dada wa mazoezi ya viungo, binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Mume wangu akampachika jina siku ile ile: Daktari wa Vidole. Sisi tulitegemea atoe mashine yenye nyaya. Akatoa uzi wa sufu na sindano ya kufumia, ile fupi yenye ndoano kichwani.

Mzee akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaigeuza huku na huku. "Hii ni kulabu ya kutundikia panya?"

"Ni dawa yako, baba," binti akamjibu bila kucheka. "Gumba na shahada washike sindano. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Na nasema mkono wa kulia ndio ufume, siyo mwingine."

Akatupatia karatasi ya maelezo, na glavu moja ya mtoto iwe mfano. Ni zile glavu ambazo vidole vinne hulala chumba kimoja na gumba ana chumba chake, na mgongoni ilikuwa na uso wa paka, masharubu na kila kitu. Mzee aanze na mnyororo, kisha vitanzi vya kawaida, akizoea afume glavu kama ile. Arudi nayo baada ya wiki mbili.

Nyumbani tunakaa na mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu mkubwa, mwenye miaka sita. Mimi namwita mke mwenzangu, maana tangu aanze kusema ameshatangaza kwamba babu ni mume wake na mimi ni mpishi. Alipoisikia habari ya glavu akaruka: anataka zake, za kwendea shule asubuhi, na anataka za simba.

"Simba sijawahi kumpasua," babu yake akamwambia. "Simjui alivyo. Mimi nitakufumia mbuzi."

"Mbuzi hatishi, babu."

"Hujamuona akikasirika."

Siku tatu za mwanzo niliziona kwa macho yangu, na sitaki kuziona tena. Sindano inaanguka, anaiokota. Inaanguka, anaiokota. Jirani akigonga mlango, uzi unaruka na kutua mapajani mwangu, na mzee anachukua redio anaifuta vumbi. "Mama watoto siku hizi anajifunza kufuma," anamwambia jirani, na mimi, ambaye hata kifungo nashonesha kwa fundi, natabasamu kama bwege.

Siku ya nne mambo yakabadilika. Mimi hushinda kwa dobi, kazi yangu kupiga pasi, na kila nikirudi jioni nakuta kazi imesonga. Mnyororo ukawa duara, duara likawa kifundo cha mkono, kifundo kikapanda. Vitanzi vimepangana vizuri, siyo vya kulegea wala vya kubana. Kisha akaanza uso wa mbuzi, na hapo nilikiona kiburi chake cha zamani. Maelezo ya karatasi yalisema masikio yakae juu ya kichwa. Akayakataa.

"Aliyeandika hapa amemuona mbuzi kwenye picha," alisema. "Masikio ya mbuzi yanatoka pembeni, chini ya pembe. Na mboni ya jicho imelala, haikusimama kama ya paka."

Akashona mboni mbili za uzi mweusi, zimelala, na mbuzi akawa anakutazama kama anajua uliyoyafanya jana. Nilijivuna, sisemi uongo. Kule kwa dobi nilisimulia mpaka wenzangu wakaanza kunikimbia na mashuka yao. Mume wangu amepona! Mkono umerudi! Niliomba ruhusa nimsindikize hospitali, nikavaa gauni la kutokea.

Daktari wa Vidole akaipokea glavu, akamsifu mbuzi, akayasifu masikio. Kisha akaigeuza, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akawa anafuata mistari kwa kucha yake.

"Baba, hii umefuma kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Anayefuma kwa mkono wa kulia hutoka kulia kwenda kushoto. Kazi yako imetoka kushoto kwenda kulia, kuanzia kifundo mpaka ncha." Akaiweka mezani taratibu. "Hii imefumwa na mtu wa mkono wa kushoto."

Uso wa mzee ukamshuka. Na wangu pia, lakini wangu ulishuka ukapanda na hasira. Nilisahau kama pale ni hospitali.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi!" nikamwambia. "Wewe mchinjaji mzima! Wiki mbili unaudanganya mkono wako mwenyewe? Mimi nimewatangazia watu!"

Alimjibu yule binti, siyo mimi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwenye kifua kile. "Haushiki, mwanangu. Nimejaribu siku tatu. Nikafikiri, kama hauwezi kushika hiki kijiti, kisu je? Nikaona bora nisijue."

Hasira iliniisha yote kwa mara moja, nikabaki na gauni langu la kutokea na aibu ya maneno yangu.

Binti hakumgombeza. Alimshika vidole viwili, akavileta pamoja, akavibana hapo. "Zimebaki wiki tatu kufika mwisho wa mwezi, siyo?" Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi nenda kafume ya pili. Karatasi ni ile ile, hesabu ni zile zile, mbuzi ni yule yule. Ila mkono wa kulia. Ikiwa mbaya, niletee mbaya."

Kwa Kiswahili chetu mkono wa kulia huitwa wa kuume na wa kushoto huitwa wa kike, na njia nzima nilikuwa nikilichekecha neno hilo. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Kwa hiyo wa kike ulifanya kazi yote, wa kiume ukakaa unatazama. Mbona ndiyo hali ya nyumba hii tangu nimekuja?" Akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake. Nikapumua.

Glavu ya pili ilifumwa mezani mbele yangu, mlango wazi. Jirani alipogonga, uzi haukuruka. "Nafuma," mzee akasema, jirani akabaki mdomo wazi, yakaisha. Niliomba niwe naingia kwa dobi mchana ili asubuhi nimhesabie vitanzi, kwa sababu akihesabu mwenyewe huku anapigana na sindano alipoteza hesabu akaanza kutukana. Moja, mbili, imeanguka. Moja, imeanguka. Jasho lilimtiririka siku za baridi kali. Kuna asubuhi alifuma vitanzi saba tu, saba, halafu akauegemeza mkono mezani kama mtu aliyebeba gunia. Kuna asubuhi alifuma mistari miwili, na mimi nikagundua katikati kwamba nilikuwa nimeacha kuhesabu na sindano haikuwa imeanguka. Sikumwambia. Niliogopa nikisema itaanguka.

Ilipokwisha, ilikuwa mbaya kweli. Upande mmoja ulibana kama soksi iliyochemshwa, upande wa pili ulilegea mpaka kidole cha mtoto kinapita. Mbuzi alikuwa na pembe moja inayotazama mashariki na nyingine imekata tamaa. Masikio lakini yalikuwa chini ya pembe, mahali pake.

Tulimpeleka na mke mwenzangu hospitali, maana hakukubali kubaki. Daktari wa Vidole akaigeuza glavu, akapeleka kucha kwenye mistari. Kulia kwenda kushoto. Alimpa mzee sindano akamwambia amfumie pale pale. Mzee akafuma. Binti alivitazama vidole vile viwili mpaka nikaona macho yake yanang'aa, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Wakati huo mtoto alikuwa ameshavaa glavu zote mbili. Mkono huu mbuzi mzuri, mkono huu mbuzi aliyepigwa na radi, na magumba yote mawili yako mahali pake, moja upande huu na jingine upande huu. Binti akazitazama, akazitazama tena, kisha akaketi kwenye kiti akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, wote wanaoanza huniletea glavu mbili za mkono mmoja! Wanafuata karatasi ile ile mara mbili, wanapata kushoto na kushoto, inabidi waanze upya. Wewe umefuata karatasi ile ile, lakini mara moja kwa mkono huu na mara moja kwa mkono huu. Moja imekuwa kioo cha mwenzake. Umepata jozi!"

Mzee alichukua muda kuelewa. Alipoelewa alisimama, akavuta shati lake chini, akaniangalia kwa madaha. "Umesikia, mama watoto? Hata nikiiba, naiba kwa hesabu."

"Ya radi ndiyo nzuri," mke mwenzangu akasema. "Inatisha."

Mwisho wa mwezi ukafika. Asubuhi hiyo alikunywa chai kwa mkono wa kulia, akavaa koti lake jeupe, akaondoka bila maneno mengi. Alinikataza nisimfuate. Nikakaa kidogo. Kisha nikajiambia kwamba hata mimi nina haki ya kununua nyama, nikachukua kikapu.

Kwa miaka thelathini na moja nyama ililetwa nyumbani. Sikuwahi kusimama kwenye foleni ya bucha lile. Nikasimama nyuma ya mama mmoja mnene mwenye mtandio wa kijani, nikajificha kwenye bega lake. Tajiri alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Yule kaka wa muda alikuwa amesogea kando, naye uso wake haukuwa na ubaya wowote, maskini. Mbele ya mume wangu waliweka mguu mzima wa mbuzi. "Nitolee mfupa," tajiri akasema.

Alikishika kisu. Nilikuwa naangalia mahali pamoja tu, pale gumba na shahada vinapokutana juu ya mpini. Vilikutana. Akaanza. Hakuwa na kasi ya zamani, na watu walisubiri, na hakuna aliyelalamika. Aliuzunguka mfupa polepole, anakata anapumzika, anakata anapumzika, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Anahesabu, nikajua. Mfupa ukatoka. Tajiri akauchukua, akaugeuza pande zote kutafuta nyama iliyobaki, asiione. Akautupa kwenye ndoo, akainua kichwa kututazama sisi wa foleni.

"Haya, nani anafuata kwa Nusu Kilo?"

Macho yalinijaa pale pale, kwenye bega la mtu nisiyemjua. Nikamgusa yule mama wa mtandio wa kijani.

"Yule ni mume wangu," nikamwambia, ingawa hakuwa ameniuliza kitu.

Akageuka kutazama wanaume watatu nyuma ya meza. "Yupi?"

"Anayekata."