Mama Aliyetushikia Makoti

Habari ilinifikia nikiwa nyumbani kwangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, nikipigana na jiko la makaa lililokataa katakata kushika moto. Aliyenipigia simu ni msichana mmoja anayehudumu katika klabu ninakokwenda kutazama mpira. Si mtu wa kunipigia simu, kwa hivyo nilijua kuna jambo hata kabla hajasema. "Mzee, mama wa mlango ametuacha," akaniambia. "Jana alilala vizuri tu. Asubuhi wakamwamsha, hakuamka. Wanasema ni presha." Nikaliacha jiko na ukaidi wake, nikaketi. Msomaji wangu, wewe hukumjua marehemu, na mimi sitamtaja jina kwa sababu hakupenda kutajwatajwa. Alikuwa mlinzi wa mlangoni pa klabu hiyo, mama wa makamo kutoka Siakago, mpana wa mabega na mpole wa sauti. Hakuwa ndugu yangu wala jirani. Kwa miaka yote niliyomjua, mazungumzo yetu karibu yote yalihusu koti langu. Hata hivyo nimemlilia, na sioni haya kusema.

Mimi navuta sigara. Najua umeshaanza kuninyooshea kidole, lakini panga foleni, mke wangu amekutangulia. Sheria ya nchi inatukataza kuvuta ndani ya mahali pa umma, na sina ugomvi nayo, maana moshi wangu haujui mipaka ya meza yangu. Ugomvi wangu ulikuwa na sheria ya pili, ya klabu yenyewe, iliyoandikwa kwenye bango pale mlangoni: Ukitoka umetoka. Meneja alikuwa na sababu zake. Watu walikuwa wakitoka, wanalowesha mkono wenye muhuri wa kiingilio, wanaubandika kwenye mkono wa rafiki aliye nje, na rafiki anaingia bure akitabasamu. Basi bango likawekwa, na sisi wavutaji tukanaswa katikati. Mtu akishikwa na hamu, ama atoke alipe upya, ama ajifiche. Mimi nilikuwa nikienda zangu nyumbani nimenuna kabla mechi haijaisha. Wenzangu wakajificha chooni. Moshi ukawa unapita kwenye ujia hadi kwenye dirisha la jikoni, ambapo yule msichana wa simu husimama kungoja sahani, naye ana pumu tangu utotoni. Sheria iliyowekwa kulinda mlango ikawa inamkaba mtu ndani ya nyumba.

Jumamosi moja alasiri, mama wa mlango alimkuta huyo msichana ameketi nje juu ya kreti la soda, amekishika kile kifaa chake cha kupuliza dawa, akitafuta pumzi. Alingoja mpaka pumzi ikarudi, kisha akaingia moja kwa moja hadi kaunta, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo.

"Meneja, hawa watu wa sigara wacha watoke na warudi," alisema.

"Watoke waanze tena mchezo wa muhuri? Umesahau?"

"Sijasahau. Mtu akitoka ataniachia koti, na kurudi ni kwa koti, si kwa muhuri. Hakuna mtu wa Embu ataenda mbali bila koti mwezi wa saba."

Meneja alicheka, maana aliujua ule ukungu unaoshuka kutoka mlimani. Kisha akaacha kucheka. "Sawa. Lakini siku nitakuta mtu amewasha ndani, ni wewe utaenda nyumbani." Mama akaitikia kana kwamba ameambiwa afunge dirisha. Sisi tuliokuwa pale tulijua kwamba watoto wake walikuwa wakisoma kwa kazi hiyo, na hakuwa na nyingine. Alitujia mezani, akatuambia bila kupaza sauti, "Nyinyi mna haki ya kutoka na kurudi kama kastoma wengine. Huyu msichana naye ana haki ya kupumua. Mtu akiwasha ndani, ni mimi amenifuta kazi." Akarudi mlangoni kwake.

Tangu siku hiyo tukawa na benchi nje, chini ya kipande cha mabati alichomsumbua meneja mpaka kikapigiliwa. Wakati mmoja akinipokea koti, nilimuuliza kwa nini anajisumbua na watu wa moshi ilhali yeye havuti. Akaniambia habari za nyanya yake kule Mbeere, mpenzi wa ugoro. "Cucu alikuwa na kigoda chake nje ya jikoni," alisema. "Hakuna mtu alimfukuza hapo. Na yeye hakuwahi kuingia na ugoro kwenye kuna mtoto." Ndiyo iliyokuwa elimu yake yote ya haki za wateja, na mpaka leo sijasikia iliyo bora. Ajabu ni kwamba baridi ya kukaa bila koti ilinifanyia kazi ambayo daktari na mke wangu walishindwa. Nilikuwa nikifika nusu ya sigara, meno yanagongana, naizima narudi. "Baba, hata hujamaliza?" ananiuliza, na kicheko kimemjaa. Leo navuta kidogo sana kuliko zamani, na shukrani ni zake.

Siku ya mtihani ilifika kwa miguu ya mgeni. Alikuwa mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, mtu wa pesa na sauti, amevaa koti la ngozi. Aliketi katikati ya ukumbi, akawasha sigara kama aliye sebuleni kwake. Meneja alikuwa kaunta, anaona. Msichana wa pumu alisimama na trei yake, hasongi mbele wala nyuma. Mama akaja kutoka mlangoni taratibu.

"Mzee, sigara ni nje. Niachie koti nikushikie."

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Wewe ni kastoma. Ndiyo maana nataka kukushikia koti."

Mgeni akavuta tena, makusudi. Hapo mmoja wetu akainuka, akavua koti lake, akaliweka kwenye mkono wa mama. Akafuata mwingine. Nikafuata mimi, ingawa nilikuwa nimetoka kuvuta muda mfupi tu na sikuwa na hamu yoyote. Makoti yakapanda mpaka yakamfika mama kidevuni. "Twende nje, mzee," mwenzetu akamwambia mgeni, "stori ziko huko." Mgeni alitutazama tulivyobaki na mashati, akautazama ule mlima wa makoti, akasimama. Lake la ngozi likawa la juu kabisa. Kule nje, akitetemeka pamoja nasi, akauliza, "Huyu mama ni wa nani?" Tukamjibu kwamba ni wetu. Meneja hakutaja tena habari ya kumfuta, na baada ya siku chache lile bango halikuonekana.

Nimekuwa nikiifikiria milango yetu. Benki, hospitalini, ofisini, mahali pote mtu wa kwanza kukuonyesha kama wewe ni mtu au ni usumbufu ni yule anayesimama mlangoni. Na siku hizi haki tunazigombania kwa kelele: mvutaji anadai pesa ni zake, asiyevuta anadai kifua ni chake, na kila mmoja anataka mwenzake afukuzwe. Yule mama hakumfukuza yeyote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi alituinamisha kwelikweli, lakini alihakikisha kwamba tukiinama hakuna atakayetukanyaga mgongo.

Tulimzika Siakago, jua likiwaka, nasi tumevaa makoti kwa heshima ya msiba. Baada ya mazishi hamu ikatushika, tukajitenga sisi wavutaji pekee hadi kwenye ua wa miti, mbali na waombolezaji. Msichana wa pumu akatufuata. Nilidhani amekuja kutukaripia. Alisimama kando, mahali ambapo moshi usingemfikia, akanyoosha mkono. "Leteni makoti," alisema. Tukayavua. Hapo nikaelewa kwamba haki zetu zilidumu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kutushikia, na kwamba sasa ni zamu yetu kushikiana. Tulivuta haraka, tukarudi kwake, na kila mmoja alipopokea koti lake alimtazama usoni akamwambia ahsante, neno ambalo kule mlangoni tulizoea kulisema tukiwa tumeshampa mama mgongo.