Soksi Nyeupe ya Mama Tausi

Atakayekuambia Tukuyu kuna kiangazi, mtazame miguuni. Ukikuta kavaa raba nyeupe, huyo ni mgeni wa jana. Sisi wa huku tunaishi na mvua kama mtu anavyoishi na mama mkwe: huisemi vibaya, unajipanga tu. Ndiyo maana Rahima, ambaye watu humwita Mama Tausi kwa jina la bintiye, aliamua kuuza gambuti, zile buti ndefu za mpira. Akawa anazunguka nazo magulioni, Suma, Masukulu, na hasa Masoko, ambako wakulima wa migomba na kahawa hushinda kwenye matope tangu asubuhi.

Mwanzoni alikuwa hajui kuuza, tusidanganyane. Alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na watu wanampita kama nguzo ya umeme. Aliyemfungua macho ni Lugano, mwigizaji. Kama hukuwahi kumwona Lugano jukwaani, pole yako. Alikuwa akitokea tu, hajasema neno, na kina mama wameshashika mbavu. Kikundi chake kilizunguka kata zote kikicheza maigizo, leo ya mlevi, kesho ya mwali, na popote alipopita watoto walimfuata wakiiga mwendo wake. Siku moja alisimama kando ya meza ya Rahima, akasikiliza zile kelele, kisha akamwambia kwamba anahangaika kusemesha migongo ya watu.

"Nyamaza kwanza," akamwambia. "Wakitaka kujua kwa nini umenyamaza, watageuka wenyewe."

Akamfundisha, na bure kabisa, hapo tumpe haki yake. Akamwambia aje na beseni, alijaze maji polepole mbele za watu bila kusema kitu. Avae soksi nyeupe pe, juu yake gambuti, aingize mguu kwenye maji, ndipo aanze kuzungumza. Asiseme na walio mbele, aseme na yule wa nyuma kabisa aliyesimama kama anaondoka. Akitania, ajitanie mwenyewe, kwa sababu mteja akichekwa hatarudi. Na mwisho avue gambuti, soksi ampe mtu mzima anayeheshimika, aishike kwa mkono wake. Akishasema kavu, Rahima afunge mdomo.

"Mtu akikuamini pale," Lugano alimwambia, "umebeba kitu chake. Usikiangushe."

Maneno hayo Rahima aliyaweka moyoni kama dua. Biashara ikashika. Magulioni watu wakawa wanauliza, soksi nyeupe kafika? Hata mume wake alipofariki, Lugano ndiye aliyeshinda matangani, akibeba viti na kuwachekesha watoto wa marehemu. Tangu hapo Rahima akamwita kaka, na hakuwa anatania.

Halafu maigizo yakafa. Waliokuwa wanayafadhili waliondoka, vijana wakahamia kwenye simu zao, na Lugano akabaki na kipaji chake mkononi hajui akipeleke wapi. Akaanza kuleta bidhaa kutoka Mbeya. Alipomletea Rahima gunia la gambuti, alitoa pembeni jozi moja iliyofungwa peke yake, akasema hii nimekuchagulia wewe ya kusimamia kwenye beseni. Rahima akaijaribu, ikamkaa sawasawa. Jamani, mwanaume asiye mumeo kujua saizi ya mguu wako bila kuuliza! Yule mama alienda nyumbani anatabasamu peke yake, akimwambia bintiye kwamba ndugu wa kweli si lazima mzaliwe tumbo moja.

Gulio la Masoko lililofuata, alicheza kuliko siku zote. Soksi alimpa Bibi Esnath, mkulima wa migomba, mzee wa kanisa, ambaye akisema neno pale Masoko limesemwa. Bibi akaikunja soksi, akaipapasa, akaibandika shavuni. "Kavu fijo," akasema, yaani kavu sana, kwa Kinyakyusa cha huku, na gunia likaisha nusu.

Kisha mvua ikanyesha, kama kawaida yake.

Gulio jingine Bibi Esnath alikuja pekupeku, gambuti kazishika mkononi. Hakugomba. Bora angegomba. Aliziweka mezani, maji yakamwagika kutoka ndani, akasema, "Soksi yako niliishika mwenyewe, mwanangu. Nami nikawaambia wenzangu." Nyuma yake kulikuwa na wenzake, kila mmoja na jozi yake. Rahima akajitetea, akasema labda zimechomwa na visiki shambani. Alivyotamka tu, akaona jinsi yule bibi alivyomtazama, akatamani ardhi impasukie.

Alifunga biashara mchana uleule. Nyumbani akatoa gambuti zilizobaki, akazijaza maji moja moja, akazipanga barazani. Zote zilivuja, pale pale soli inapokutana na mwili wa buti. Akaijaza ile jozi yake aliyochaguliwa. Hiyo haikutoa hata tone.

Alikaa barazani akiitazama. Alitaka sana kupata sababu nyingine, na hakupata.

Akamfuata Lugano Tukuyu mjini, akamkuta mgahawani anakunywa chai. Alitegemea angeona aibu. Wapi! Alimvutia kiti, akamwagizia maandazi, na alipoelezwa akashangaa kidogo tu, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

"Mama Tausi, ile yako ilikuwa ya jukwaani," akasema. "Nilidhani unajua. Nikinywa sumu kwenye igizo, chupa ina chai. Nani alishawahi kunidai sumu?"

"Mimi sikuwa naigiza, kaka."

"Ulikuwa unaigiza," Lugano akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "na ulikuwa mzuri kuliko wote niliowafundisha."

Ile ndiyo iliyomkata maini. Si gambuti. Miaka yote ile yeye alidhani anafundishwa namna ya kuaminika, kumbe mwenzake alikuwa anamfundisha namna ya kuonekana anaaminika. Na matangani je? Viti vile, na vichekesho kwa watoto? Hakuuliza. Aliogopa jibu, akaacha maandazi yake pale pale.

Gulio lililofuata akarudi Masoko. Alijaza beseni, akanyamaza. Watu wakasogea, wengi wamenuna, Bibi Esnath mbele. Rahima akavaa soksi zake nyeupe. Mguu wa kulia akauvalisha gambuti ile ya kuchaguliwa, wa kushoto ile ya guniani, akaiingiza majini yote miwili. Hakutania. Akasikia baridi ikipenya kidoleni, ikatambaa unyayo mzima, naye amesimama tu. Kisha akatoka, akavua, akakamua soksi ya kushoto mbele ya macho yao, maji yakachuruzika. Akasema walichouziwa kilikuwa hiki, na yeye ndiye aliyewauzia.

Macho yote yakabaki kwenye ile soksi. Ndivyo alivyofundishwa kuyavuta.

Nyuma kabisa mtu akapiga makofi. Alikuwa Lugano, kaja na mzigo mwingine, anacheka machozi yanamtoka. Watu walivyomwona Lugano anacheka, wakadhani ni igizo. Nao wakaanza kucheka, makofi yakaenea, kijana mmoja akapiga mluzi. Rahima akasema tena kwamba ni kweli, wallahi ni kweli, na wakazidi kucheka.

Bibi Esnath peke yake hakucheka. Rahima akachukua ile jozi yake ya kuchaguliwa, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwambia, "Hizi hazivuji, bibi. Nakuapia."

Bibi akazipokea. Zamani angeshukuru akavaa. Sasa aliinama kwenye beseni, akazizamisha ndani ya maji moja baada ya nyingine, akaingiza mkono wake na kuanza kupapasa ndani, kidole kwa kidole, bila kumtazama aliyempa. Rahima akasimama pale pekupeku kwenye matope, akingoja aambiwe kama ni kavu.