Kipima Mwanga cha Kamera ya Baba

Likizo ya Juni nilisafiri kutoka Masasi hadi Bunju kumpiga picha shangazi. Aliomba mwenyewe. Hakutaka picha za simu, alisema zinapotea na simu. Alitaka zipigwe na kamera ya marehemu kaka yake, yaani baba yangu, ambayo sasa ninayo mimi. Nilibeba mkanda mmoja tu wa picha, maana siku hizi mikanda ni ya kutafuta kwa tochi.

Asubuhi ya kwanza alitoka amevaa kitenge kipya na wanja machoni, akakaa kwenye kiti uani. Nikachungulia kwenye kamera. Mle ndani kuna mshale mdogo unaopanda kadiri mwanga unavyoongezeka, na kwa huo ndio unajua uipangeje kamera. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Jua la saa nne linatuchoma, kamera inadai tuko gizani.

"Subiri kidogo, shangazi."

Nikatoa betri, nikaifuta, nikairudisha. Mshale ukaruka juu, ukatetemeka, ukalala tena. Nikaigonga kamera kwa kiganja. Nikaigeuza huku na huku. Shangazi akanitazama weee, mwisho akauliza, "Unanipiga picha au unanipima homa?" Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Kesho yake nikaenda Mwananyamala kwa fundi saa niliyeelekezwa na jirani. Foleni ya Tegeta peke yake ilinimaliza. Fundi akaweka betri mpya, akachungulia, akanisogezea nami nichungulie akiwa bado kaishika. Mshale ulisimama wima kama askari.

"Nzima hii, sista. Labda ulikuwa hujaizoea."

Nikamshukuru. Nilipofika Boko nikaijaribu tena kituoni. Imekufa. Nilitamani kuitupa mtaroni, kweli kabisa. Nikavuka barabara na kurudi Mwananyamala. Mbele ya yule fundi ikafanya kazi vizuri tena, naye akanitazama kwa huruma ambayo sikuihitaji.

Siku ya tatu shangazi alivaa kitenge kile kile, ila wanja hakupaka. Alikaa huku amekunja uso. Mshale ukalala. Nikasema neno ambalo mwalimu kama mimi hatakiwi kulisema, na kulisema mbele ya shangazi ni balaa zaidi. Badala ya kunikaripia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba yako naye alikuwaga anaitukana hivyo hivyo! Halafu anakuja kumwomba mjomba wako ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara."

"Ya nini?"

"Mie nitajuaje? Alikuwa anaichomeka humo kwenye betri."

Nikakumbuka. Kule Masasi, nilipokuwa naisafisha kamera kabla ya safari, kikaratasi cha namna hiyo kilidondoka. Nikaona ni uchafu, nikakifagia. Kumbe kifuniko cha betri kimelegea miaka yote hiyo, na kile kikaratasi ndicho kilichokuwa kinaibana betri ili iguse. Fundi alipokuwa anaishika, kidole chake kilikuwa kinakikandamiza kifuniko bila mwenyewe kujua.

Shangazi hakuwa na sigara ndani. Nikabandua karatasi ya kung'aa ya kopo la siagi, nikakata kipande, nikakikunja mara mbili, nikakichomeka. Mshale ukapanda, ukatulia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata sikufurahi. Nilipiga mkanda mzima haraka haraka kabla mshale haujabadilisha mawazo, huku shangazi akilalamika kwamba simpi nafasi ya kujiweka sawa.

Mkanda ulisafishwa wiki kadhaa baadaye. Picha kama nusu zilitoka nyeusi, maana betri ile mpya ilikuwa na nguvu kuliko za zamani na mshale ukawa unaona mwanga ambao haukuwepo, nami nikaibania kamera mwanga kupita kiasi. Zilizobaki zilitoka vizuri. Shangazi alichagua moja, ile amefungua mdomo ananigombeza, akaitundika sebuleni.

"Hii ndiyo mie," alisema.